Rangi ya Mgeni Rasmi

Faizal ni binamu yangu, mtoto wa ami yangu, kwa hiyo nikimsema msinione msengenyaji. Nasema ya nyumbani. Yeye ndiye mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Anga katika chuo chetu hapa Raskazone, na mimi, Shenaz, nafundisha hisabati katika idara hiyohiyo. Ukikutana na mtu akakuuliza kama kweli Tanga kuna watu wanaosomea kutengeneza ndege, mjibu ndiyo, wapo. Akikuuliza kama hizo ndege zinaruka, mpeleke kwa Faizal, mimi usinitie dhambini.

Tumekulia Ngamiani, nyuma ya duka la babu yetu Abdulhussein, aliyekuwa akiuza misumari, kufuli na mabati. Tangu utoto Faizal alikuwa na kipaji kimoja tu, kusimama karibu na kazi iliyokwisha. Sisi wengine tukishusha mabati mpaka viganja vinachubuka, yeye haonekani. Babu akitokea kutazama, Faizal ndiye huyo mlangoni, mikono kiunoni, anafuta jasho ambalo hakulitoa. Babu akamwambia kila mteja kwamba huyu mjukuu ndiye atakayekuwa mtu. Akapelekwa India kusoma, akarudi na shahada, suti mbili za rangi ya udongo na tabia ya kuanza kila sentensi na "sisi watu wa anga". Mtu wa anga mwenyewe akipanda ngazi za maktaba anashika ukuta.

Idara yake ina mafanikio mengi, na yote yako ukutani. Iko picha ya Faizal anapokea cheti, iko ya Faizal anatoa cheti, na iko moja kubwa ya Faizal na wageni wakinyoosha vidole kuonyesha kitu ambacho hakimo kwenye picha. Tumefanya semina ya anga, kongamano la anga, wiki ya anga, na bonanza la mpira wa miguu ambalo nalo lilikuwa la anga. Miaka yote hiyo kilichokosekana ni kitu kimoja kilichopanda juu. Wanafunzi walikuwa wakimaliza kwa kuchora ndege kwenye kompyuta, Faizal anasaini, maisha yanaendelea. Hakuna aliyemsumbua, naye hakujisumbua.

Ndipo bodi ya mitihani ilipobadilisha kanuni. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atakayechagua kuunda ndege, sharti ndege yake iruke mbele ya mtahini kutoka nje ya chuo. Isiporuka, anarudia mwaka. Wanafunzi karibu wote wakakimbilia mada za kuandika. Akabaki Shemsa.

Shemsa ni binti wa Mzee Turki wa Pangani, watu wenye asili ya Omani, wenye minazi yao upande wa pili wa mto. Ni msichana asiye na maneno mengi. Alitaka ndege ndogo isiyo na rubani, ya kupiga picha za ufukwe wao unaoliwa na bahari, ili watu wa kwao waone kwa macho ni wapi ardhi inaondoka. Baba yake hakuwa na hamu kubwa na masomo hayo. Shemsa alikwishapoteza mwaka mmoja kwa maradhi, na safari hii Mzee Turki alimwambia wazi kuwa ndiyo mwisho. Akifaulu, apae aendako. Akifeli, hakuna kurudia, arudi nyumbani asimamie minazi. Kwa hiyo binti yule alikuwa na ndege moja na nafasi moja.

Aliiunda kwa ile foma nyeupe inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, na vijiti vya mianzi. Kila kipande alikipima kabla hakijabandikwa. Mimi nilimsaidia hesabu pale aliponiomba, na hakuniomba sana. Asubuhi moja yeye na mwenzake Yasini, ndiye aliyekuwa akimrushia kwa mkono, waliijaribu kwenye uwanja nyuma ya karakana. Ikapaa. Ikazunguka uwanja kwa utulivu, ikarudi ikatua kwenye nyasi. Nililia, sioni haya kusema. Baada ya picha zote zile ukutani, nimeona kitu kinaruka.

Kosa langu ni kwamba nililia karibu na dirisha la Faizal.

Alitoka mbio, tai begani. Hakuuliza ndege imeundwaje. Aliuliza, "Nani mwingine ameiona?" Alipoambiwa hakuna, akashusha pumzi, akarudi ofisini kupiga simu. Kufika adhuhuri chuo kizima kilikuwa na habari kwamba siku ya mtihani wa Shemsa itakuwa sherehe, na mgeni rasmi atakuwa mheshimiwa mmoja kutoka mkoani. Turubai litafungwa, kutakuwa na chai, na Faizal atatoa historia fupi ya idara. Nilijua hiyo historia fupi haitakuwa fupi.

Shemsa akaenda Pangani mwisho wa juma kumwona mama yake. Huku nyuma Faizal aliiangalia ile ndege akaiona haina hadhi. Nyeupe tupu, eti mgeni rasmi atadhani ni takataka za dukani. Akamwita Masoud, fundi wa kuandika mabango ya maduka Ngamiani, mtu hodari katika kazi yake, akamwambia aipake kijani, rangi ya mafuta, aizidishe ing'ae. Ubavuni jina la chuo. Na kule mkiani, pande zote mbili, jina kamili la mgeni rasmi pamoja na cheo chake. Cheo chenyewe kirefu. Masoud alipoona herufi hazikolei akarudia, na aliporudia Faizal akamwambia bado, ongeza, isomeke kutoka mbali. Masoud hana lawama, alipaka alichoambiwa.

Shemsa alirudi Jumatatu. Alisimama mlangoni mwa karakana akanusa kwanza, kisha akaona. Aliingiza vidole viwili chini ya mabawa, pale alipoweka alama zake, akainyanyua. Akiinyanyua hivyo siku zote ilikaa sawa, pua na mkia vimetulia. Safari hii mkia ulishuka moja kwa moja, pua ikatazama dari. Alisogeza betri mbele mpaka ikafika mwisho wa nafasi yake. Mkia bado chini. Akanitazama, na mimi hata bila hesabu nilielewa. Ndege nzito nyuma inainua pua yenyewe, inasimama hewani, inadondoka. Ukiongeza chuma mbele kusawazisha, mota haiwezi kuubeba mzigo wote.

Tukaenda wote wawili ofisini kwa Faizal.

"Shikamoo mwalimu," Shemsa alisema. "Naomba ruhusa nikate mkia mwingine. Mwanafunzi mmoja ana foma, kesho jioni utakuwa tayari."

"Mkia mwingine wa nini? Huu una kasoro gani?"

"Rangi imeuzidishia uzito. Haitaruka."

Faizal alicheka kile kicheko chake cha kwenye semina. "Rangi, binti yangu? Ndege zote duniani zimepakwa rangi."

"Mkuu," nikasema, maana ofisini namwita hivyo ili nisimwite ninavyotaka, "msichana anakwambia kitovu cha uzito kimehama. Hilo wewe ulilisomea."

Na nitawaambia jambo linaloniudhi mpaka leo: alielewa. Nilimwona usoni. Si mjinga yule, angekuwa mjinga ningemsamehe. Kisha akasema, "Na jina la mgeni rasmi mtaliweka wapi? Tumekwishampelekea picha. Aje akute jina lake limekatwa limetupwa? Mnataka nifukuzwe?"

"Liandikwe kwenye turubai," nikasema.

"Kwenye turubai ni jina la chuo."

Shemsa akamwambia kwa upole kwamba ndege isiporuka yeye anarudi Pangani moja kwa moja. Faizal akamjibu kwamba mambo mengine ni ya kumwachia Mungu. Mtu aliyesomea uhandisi wa anga, wallahi, anamwachia Mungu kazi ya msasa na kisu.

Karakana ikafungwa, na ufunguo akawa nao yeye.

Siku ikafika. Mzee Turki alikuja kutoka Pangani amevaa kanzu yake safi, akaketi safu ya katikati. Mtahini, Dakta Innocent, mtu mtaratibu mwenye miwani, alikaa nyuma na karatasi zake. Mgeni rasmi akachelewa kama ilivyo ada, na alipofika Faizal akaanza historia fupi. Alianzia na ndege wa angani, akapitia duka la babu, akafika India, na aliporejea Tanga watu walikuwa wamekwishasinzia. Mgeni rasmi naye akasema. Upepo ukaanza kusukuma turubai. Mwishowe Faizal akatangaza kwamba sasa idara itaonyesha matunda ya uongozi wake.

Shemsa alisogea kwenye kipaza sauti, rimoti mkononi. "Siirushi," alisema. "Ilivyo sasa si ndege niliyoiunda. Mkia ni mzito, itaanguka."

Faizal akacheka na kipaza sauti, akasema vijana wana woga, akamchukulia rimoti mkononi. Yeye. Mtu ambaye hajawahi kurusha hata kishada. Akamwamuru Yasini arushe. Yasini akamtazama Shemsa, Shemsa akatazama chini. Faizal akaamuru tena kwa sauti ya ukuu wa idara, na Yasini akarusha.

Ilipanda, siwezi kukana. Ilipanda wima kama mtu anayeamka ghafla kitandani, jina la mgeni rasmi likaonekana vizuri sana, likasimama angani kitambo kidogo, kisha ndege ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye meza ya chai. Mota ilivunjika, bawa moja likaingia kwenye sinia la sambusa.

Na mgeni rasmi akapiga makofi.

Nani alimwambia ndege inatua vipi? Aliona jina lake limepaa, akaona limeshuka, akapiga makofi. Sasa mgeni rasmi akipiga makofi, nani atakaa mikono mapajani? Chuo kizima kikapiga. Watu waliona kabisa kilichotokea, wakapiga na wakasimama. Faizal akainama kulia, akainama kushoto. Mpiga picha ikambidi awahi kabla kijani kile hakijaondolewa kwenye sambusa.

Alasiri tukakaa ofisini kwake, yeye, mimi na Dakta Innocent. Shemsa akaitwa. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na Mzee Turki alikuwa kwenye benchi hapohapo nje.

"Hapa hatuna mjadala mrefu," Faizal alisema. "Kanuni inasema ndege iruke mbele ya mtahini. Imeruka, mheshimiwa ameshuhudia, watu wamepiga makofi. Mimi napendekeza alama ya juu kabisa." Kisha akamgeukia Shemsa kwa sauti ya asali. "Yale uliyosema kwenye kipaza sauti tutayasahau. Wewe unafaulu, idara inapata jina. Au siyo?"

Dakta Innocent akavua miwani. "Mimi nimeona nilichoona," alisema, "lakini mkuu wa idara akithibitisha na mwanafunzi akathibitisha, siwezi kuwapinga wote wawili. Shemsa, ndege iliruka?"

Nilitaka aseme ndiyo. Nawaambia bila haya, nilimwombea moyoni aseme ndiyo. Neno moja tu, na minazi ingemsubiri mwingine.

"Haikuruka," Shemsa alisema. "Iliangushwa."

Dakta Innocent akamwuliza sababu, naye akaieleza yote, uzito wa mkia kabla ya rangi na baada ya rangi, bila kupandisha sauti na bila kumtaja mtu. Mtahini akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni maelezo bora aliyowahi kusikia kwenye chumba cha mtihani, na kwamba anasikitika, maana kanuni haimpi pa kuyaweka. Ndege haikuruka. Mota mpya ingeagizwa nje, na yeye anaondoka kesho. Akaandika kwamba Shemsa anarudia mwaka. Nilibishana naye, hakubadili. Faizal alikuwa anapangusa meza kwa kiganja.

Tukatoka. Mzee Turki alikuwa amesimama. Amesikia kila kitu. Shemsa akashindwa kumtazama.

Basi huyo Faizal, nasema huyuhuyu binamu yangu, akatoka nyuma yetu akiwa amenyoosha mkono. "Mzee Turki, hongera sana. Binti yako leo ameiletea idara heshima. Mheshimiwa ameahidi kutuandikia."

Mzee Turki hakuutoa mkono wake. Aliuweka nyuma ya kanzu.

"Mimi nilipiga makofi pale uwanjani," alisema. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Sasa nisaidie, mwalimu wangu, mimi si mtu wa shule. Ndege ilikuwa moja. Mwanangu amefeli kwa hiyo ndege, na wewe umefaulu kwa hiyohiyo. Nieleze imekuwaje."

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na akangoja. Wanafunzi waliokuwa kwenye ukumbi walisimama, Yasini miongoni mwao, na Dakta Innocent akabaki mlangoni na mkoba wake. Faizal aliutazama mkono wake ambao bado ulikuwa mbele, akaurudisha. Alisema ana kikao, akapita katikati yetu, na hakuna aliyempisha.

Mzee Turki akamgeukia binti yake.

"Nenda kaviokote vipande vyako vyote," alimwambia. "Mwakani tunarudi navyo, na mimi nitakaa mlangoni mwa hiyo karakana."