Siku Watani Walipokamata Mwiko

Dada yangu aligombea uenyekiti wa kijiji chetu, huku upande wa Puge, kiti ambacho hakijawahi kukaliwa na mwanamke. Kampeni niliiendesha mimi, kwa mdomo na kwa simu. Kura zetu karibu zote zilikuwa kwenye grupu la wanawake, lile tuliloanzisha kwa ajili ya misiba: nani kafiwa, nani alete kuni, nani aje na sufuria kubwa.

Basi asubuhi ya uchaguzi grupu likalia. Bibi mmoja mkongwe amefariki. Na mpishi mkuu wa misiba yetu ni nani? Huyo huyo mgombea wangu!

Nilimkuta anajifunga kanga kiunoni.

"Dada, leo hapana. Ukienda wewe wote watakufuata, na kituo kinafungwa saa kumi."

"Sasa wafiwa wale kura?" akaniuliza, huyo akaenda zake.

Nilimfuata nikisonya njia nzima. Nilikasirika, sifichi. Na kweli, wanawake wote walikuwa pale wamezunguka moto, maharage ndiyo kwanza yanachemka, na jua halimsubiri mtu.

Mchana akaingia mpinzani wetu, mwenyekiti anayemaliza muda wake, pamoja na ndugu zake. Walishapiga kura mapema, nyuso kunjufu. Nikakumbuka kitu: ukoo wake na ukoo wa marehemu ni watani, na kwetu mtani hakatai kazi msibani. Nikamfuata na mwiko mkononi.

"Karibu mtani! Bibi wa watu umemtania miaka yote. Leo wageni wake nani atawasongea ugali?"

Wazee wakacheka. Hakuwa na pa kukimbilia, akavua koti.

"Lete. Ila ukiwa mbichi msinilaumu."

Ndugu zake nao wakashika masufuria. Nikaandika kwenye grupu: "Jiko lina watani. Twendeni tukapige kura." Tulikwenda kwa makundi hadi kituoni, pale shuleni, tukinuka moshi, na dada alikuwa wa mwisho kutoka. Nasikia ugali ulikuwa na mabonge.

Jioni matokeo yakabandikwa. Dada alishinda, kwa kura chache. Nilirudi msibani kwa bodaboda nikitaka kupiga kelele, lakini nilipoingia nikakwama. Maziko yamekwisha muda si mrefu, utashangiliaje? Nikamnong'oneza dada. Akainamia sufuria kuficha tabasamu. Simu zikaanza kuwaka mapajani mwa wanawake kwenye mikeka, kila mmoja akasoma, akang'ata upindo wa kanga yake.

Binti wa marehemu akatoka ndani, macho mekundu, akamwendea dada.

"Mama alikuwa ananiuliza kila siku, kura lini. Kitambulisho chake alishakiweka chini ya mto."

Kisha akainua uso, akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe.