Meza Mbili Musoma

Watu wa Dar huniambia Musoma si jiji, ni mji mdogo uliokaa pembeni ya ziwa. Waache waseme. Sisi wa upande wa Butiama, mtu akisema anaenda mjini kula raha, anamaanisha Musoma, na shati lake linapigwa pasi tangu asubuhi.

Jumamosi ile baba mkwe wangu alipiga pasi la kwake mwenyewe. Ndiye aliyeomba safari. "Nipelekeni Musoma nikasikie litungu," alituambia mimi na mume wangu, "nikiwa bado najijua." Alikuwa ameanza kusahau. Aliwahi kuniuliza mama mkwe amekwenda wapi, na mama mkwe tulishamzika zamani. Akishtuka aliomba samahani, na samahani hiyo iliniuma kuliko kusahau kwenyewe.

Alichotaka ni kitu kimoja. Kwetu mpiga litungu, kile chombo chetu cha nyuzi, akifika ulipokaa, unamtajia ukoo wako, baba yako na babu yako, naye anakuimba kuanzia kwa babu mpaka kwako, watu wote wakisikia. Mzee aliimbwa hivyo enzi za ujana wake. Alitaka aimbwe tena mara moja, kabla hajapotelewa na yule anayeimbwa.

Mume wangu anafundisha Ukerewe. Tulikubaliana avuke na kivuko mpaka Kisorya, kisha atukute Musoma. Mimi na mzee tulikuwa tumeshaweka mizigo gesti, pale Iringo, alipopiga simu. "Ziwa limechafuka, kivuko hakiondoki leo. Nyie nendeni tu."

Nendeni tu! Ni rahisi kusema hivyo kama mkwe si wewe. Kwetu mke wa mtu hali chakula mbele ya baba mkwe wake, wala baba mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hampi mkono. Jina lake na jina la baba yake halitamki. Mwanangu wa kwanza amerithi jina la baba wa mzee, na tangu azaliwe mimi namwita Babu tu. Hata hapa jina hilo siliandiki. Sasa niende naye muziki, mimi na yeye peke yetu? Lakini nilimwona amekaa kwenye benchi la gesti, amefunga vifungo mpaka cha shingoni, anasubiri. Nikabeba mkoba.

Tulipofika ukumbini, ule wa wazi ulio karibu na ziwa, mzee alichagua meza yake, mimi nikachagua yangu, na katikati tukaacha meza tupu. Mhudumu alikuja kwangu na uso wa huruma.

"Mama, mmegombana na mzee?"

"Hapana. Ni baba mkwe wangu."

"Basi si mkae pamoja?"

Nikajua huyu si wa kwetu. Nikamwambia amuulize mzee anakula nini, akaenda, akarudi, akaenda tena, kama mshenga anayepeleka maneno. Mzee alitaka sato na ugali wa muhogo. Alipoletewa alinigeuzia mgongo ndipo akanawa, na mimi nikakigeuza kiti changu nikatazama ziwa.

Nakiri nilifurahi. Taa za rangi zilikuwa zimezungushwa kwenye nguzo, nyama inachomwa, vijana wanacheza bongo fleva huku wanajipiga picha. Mabinti walivaa mpaka gauni langu la kanisani likanitia haya. Ila miguu yangu chini ya meza haikujali gauni. Kisha spika zikazimwa, mpiga litungu akakaa kwenye kigoda na kuanza. Niligeuka kidogo tu, nikaona mabega ya mzee yameanza kutikisika. Nilitamani mume wangu ayaone mabega yale.

Mpiga litungu akainuka, akawa anapita meza kwa meza, kijiti cha kupigia nyuzi kikiwa sikioni. Akafika kwa mzee.

"Baba, nikuimbe. Wewe ni wa nani?"

Mzee akasimama. Akataja ukoo, vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe. Kisha akataja jina lake.

"Baba yako nani?"

Mzee akafungua mdomo. Akashika kifungo cha shingoni, akatazama mezani, akatazama viatu.

"Nilikuwaga namjua," akasema. "Subiri. Nilikuwaga namjua vizuri."

Jina lilikuwa kwangu. Lilinijaa mdomoni kabisa, na mdomo haukufunguka. Nilimpigia mume wangu alitaje yeye, hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Niliona aibu, nikaona hasira, na hasira nisijue nimpe nani. Mzee alikuwa anazama mbele ya watu wa mjini na kamba ninayo mimi, siwezi kuirusha.

Mpiga litungu alikuwa muungwana. Alimwimba ukoo tu, akaimba ng'ombe na mvua, kisha akasogea meza ya mbele. Watu wakapiga makofi. Mzee akabaki amesimama.

Halafu akachukua sahani yake, akapita ile meza tupu, akaja kukaa mbele yangu. Mbele yangu kabisa! Akamega ugali, akala. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona anatafuna.

"Mama, nimeona uko peke yako," alisema. "Wewe ni wa wapi?"

"Bunda," nikasema.

"Bunda! Mkwe wangu katokea huko huko. Yule anajua kila kitu changu. Angekuwepo hapa..." Akatikisa kichwa. "Hata. Jina asingelitaja. Ana adabu sana yule."

Machozi yakanitoka, na yeye akadhani ni moshi wa nyama, akaupepea kwa mkono. Nikamwinamia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikalitaja jina la baba yake.

Uso wote ukafunguka. "Ndiye! Ndiye huyo!" Akalirudia, akalirudia tena. Akageuka kumtafuta mpiga litungu, lakini alikuwa ameshafunga chombo chake na spika zimewashwa. "Wewe umemjulia wapi baba yangu?"

Ningemwambia mimi ni nani, angejua amekula mbele ya mkwe wake, tena mjini. Angeomba samahani.

"Nilisikiaga tu watu wanamtaja," nikasema.

Akafurahi. Akamega kipande cha sato, akakitoa miiba, akaniwekea kiganjani.

"Kula, mama."

Nikala.