Jino la Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ana kifafa tangu utotoni na wala hakifichi. Siku alipoletwa nyumbani kutambulishwa, aliweka kikombe chini akamwambia mama yangu, "Mama, mimi huwa naanguka. Nikianguka nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, na chai yangu msiinywe." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Nami nikajua tumepata mtu.

Tunafanya kazi pamoja kwenye karakana ya sare za shule. Mimi nakata vitambaa, yeye anashona kola kwa mashine ya umeme iliyo karibu na dirisha. Kola zake hazina mpinzani. Ila ana ubishi mmoja: hakati uzi kwa mkasi. Anaukata kwa meno, upande wa kushoto, eti kunyoosha mkono ni kupoteza muda. Nimemsema mpaka nimechoka. "Kwani meno haya uliniazima wewe, wifi?" hunijibu.

Dawa anameza asubuhi na jioni bila kukosa, na alikuwa ametimiza mwaka na nusu bila kuanguka. Halafu, ndani ya mwezi mmoja, akaanguka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa mashineni. Nilizima umeme, tukamlaza ubavu, na mwenye karakana, bwana mwenye kitambi kikubwa na moyo mdogo, akaja mbio na kijiko. Nilimnyang'anya. Wifi alipozinduka, yule bwana, jasho linamtiririka, akamwambia, "Mama, sitaki uumie hapa kwangu. Ukianguka tena, nakuhamishia meza ya vifungo."

Kushona vifungo kwa mkono si aibu, lakini kwa wifi ilikuwa sawa na kumwambia rubani akauze tiketi. Alijifungia chooni, akatoka macho mekundu. Iliniuma sana.

Kesho yake nikamsindikiza kliniki. Daktari wake, mama mwembamba mwenye maswali kama karani wa sensa, akaanza. Umeruka dawa? Hapana. Usingizi je? "Anakoroma vizuri tu," nikajibu mimi. Kuna mahali panauma? "Hakuna," akasema wifi, shavu la kushoto kaligeuzia ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wiki zote zile alikuwa anatafuna upande mmoja na kujizungushia mtandio mpaka masikioni, na joto lote lile.

"Mwongo!" nikaropoka. "Ana jino!"

Daktari akammulika. Jino lilikuwa limepasuka, fizi imevimba na kutunga usaha. Mwanamke huyu aliwahi kushonwa nyusi nyuzi sita bila hata kukunja uso, kumbe anaogopa koleo la daktari wa meno!

"Sikiliza, mama," daktari akasema. "Mwili ukipambana na vijidudu, pale mahali panavimba na kupata moto. Lakini vita hiyo haibaki mdomoni. Mwili unatoa kemikali za kuita msaada, zinazunguka kwenye damu, na ubongo nao unapata habari. Ubongo wako ni mwepesi kushtuka. Ukichokozwa hivyo unashtuka zaidi, na dawa iliyokutosha jana leo inazidiwa."

"Kwa hiyo nikiling'oa, kifafa basi?"

"Hapana. Dawa utaendelea nazo. Na siwezi kukuapia kwamba ni jino peke yake, hata wataalamu bado wanachunguza mambo haya. Tunachopunguza ni uchokozi."

"Hamna kidonge cha kupunguza uchokozi?"

"Nenda kang'oe jino."

Mlangoni kwa daktari wa meno wifi alitaka kuingia mitini, eti ameacha jiko linawaka. Nilimshika mkono nikaingia naye. Jino lilipokuwa linang'olewa, akaniminya vidole mpaka nikapiga yowe. Waliokuwa kwenye benchi nje walidhani anayeng'olewa ni mimi, na wawili wakaondoka.

Miezi minne ikapita salama. Kisha mafua yakaingia karakanani, kila mtu chafya. Wifi akapata homa, akaja kazini kwa ubishi wake, na saa nne asubuhi akaanguka kando ya mashine. Nilitupa mkasi nikakimbia. Nikamkuta mwenye karakana ameshapiga magoti. Amezima mashine, amemlaza ubavu, amemwekea koti lake chini ya kichwa, macho kwenye saa ya mkononi.

"Dakika moja na nusu," akaninong'oneza. "Homa hii ndiyo imemchokoza. Nilikwenda kwa yule daktari wenu, nikamuuliza yote."

Wifi akafumbua macho. Kauli ilipomrudia, alisema neno moja tu: "Vifungo?"

"Vifungo gani?" akasema yule bwana. "Nenda nyumbani ukapone. Mashine yako naifunika, haiguswi na mtu."

Wifi akalia mbele ya watu wote. Nikalia naye, na mwenye karakana akasimama akajifanya anatafuta koti lake.