Siku Waliyomuuliza Rafiki Yangu

Juzi Anti alinipigia simu nikiwa kazini. Anti si ndugu yangu wa damu. Ni yule mama Mhindi tuliyepakana naye mtaa wa Muaither nilipokuwa mtoto. Kazi ya mumewe hapa Doha imeisha, wanarudi kwao, khalas. "Njoo uchukue mti wako," akaniambia. Ni ule mti wa majani ya mchuzi niliokuwa nikiumwagilia maji utotoni, bado uko kwenye debe la samli pale mlangoni. Nilipoingia kwake, vila ileile, nikasikia haradali ikipasuka kwenye mafuta, nikasimama palepale mlangoni. We, acha tu. Nimekuwa mtu mzima, na harufu ile bado inanitisha.

Ngoja nikueleze. Vila yetu ilikatwakatwa vyumba, sisi Wakenya upande huu, wao upande ule, na ukuta mwembamba hivi kwamba ukipiga chafya unaambiwa pole kutoka ng'ambo. Mama yangu alikuwa nesi. Akiwa zamu, mimi nilishinda kwa Anti na mwanawe, rika langu, rafiki yangu wa pekee. Nilimfundisha kusema "wacha ujinga", naye akanifundisha kula wali na maziwa mgando kwa vidole. Jua lilipokuwa kali tulicheza sakafuni jikoni, Anti akitupikia dosa, zile chapati nyembamba za mchele. Yule mtoto alimwita mamake bila sababu yoyote. "Amma! Amma!" Anti hageuki hata, anajibu tu, "Nipo hapa, sijaenda popote."

Ibada yao waliifanyia nyumbani, ndani ya kabati la sebuleni. Humo mlikuwa na taa ndogo na picha za wazee waliovaa nguo za rangi ya machungwa. Bibi yake, aliyekuja kuwatembelea, alitusimulia kuhusu matha yao, yaani nyumba ya watawa wa Kihindu waliyoifuata ukoo mzima. Swami wa kwanza, ndivyo wanavyomwita mtawa mkuu wao, alifika kwa miguu na taa mkononi, akajenga kando ya mto. Alipozeeka alichagua mtoto, akamfundisha maandiko, akamkabidhi taa. Mtoto yule naye akazeeka, akachagua mwingine. Karne na karne, taa haijazimika. Sisi tuliomba hadithi ile tena na tena, tukitafuna njugu.

Halafu siku moja matha wakapiga simu. Swami mkuu, yule wa picha ya mwisho mwenye miwani mizito, alikuwa mgonjwa na alitafuta mtoto wa kumkabidhi taa. Walikuwa wamepima nyota za kuzaliwa za watoto wa familia zao, na iliyolingana ilikuwa ya rafiki yangu. Bibi alilia kwa furaha. Anti alisimama tu na mwiko mkononi, haradali ikaungua mpaka jikoni kukajaa moshi, na hakuna aliyezima jiko.

Rafiki yangu alinieleza tukiwa kwenye ngazi. "Watanyoa nywele zangu. Nitapewa jina lingine. Lakini kwanza nitajifanyia matanga."

"Matanga ya nani?"

"Yangu. Yule wa zamani lazima afe. Amma atakuwa ananiinamia miguuni kama watu wengine, na sitamwita Amma tena."

Aki nilikimbia nyumbani. Nilimwambia mama, akanijibu, "Usiniletee stori za watu," lakini pasi ilibaki hewani juu ya yunifomu yake. Tangu hapo nililala nimeshika mkono wa ile yunifomu. Simu ikilia upande wa pili wa ukuta, nilijificha chini ya meza. Kama mtoto anaweza kuitwa hivi hivi, mimi je?

Tumaini lilikuwa moja tu. Matha hawachukui mtoto kwa nguvu. Lazima aulizwe mbele ya wazazi, ajibu mwenyewe.

"Nitakataa," akaniambia.

"Apa."

"Haki ya Mungu!" Kiapo hicho nilimfundisha mimi.

Ijumaa walimkalisha kwenye mkeka mbele ya kabati. Mimi na Anti tulisimama mlangoni pa jikoni, amenishika mkono mpaka vidole vinauma. Baba yake akamuuliza, "Unataka kwenda? Ukisema hapana, napiga simu sasa hivi, yaishe."

Aliangalia taa. Akamwangalia mamake. Mimi namtolea macho: kataa, kataa!

"Nitaenda," akasema. "Nikikataa, taa atapewa nani?" Anti aliuachilia mkono wangu.

Walisafiri likizo ya kiangazi, wakarudi wawili. Kila mwaka Anti huenda huko, hupanga foleni, humwinamia Swami yule kijana, naye humtilia maji matakatifu kiganjani na kumgeukia anayefuata. Nimemwona kwenye simu. Ana miwani sasa. Bibi alishafariki, watoto wa vila ile wametawanyika dunia nzima, na ngazi zetu za kwenda darini zimefungwa kwa kufuli.

Juzi, masanduku yakiwa mlangoni, Anti alinipa debe la mti, kisha akazima jiko.

"Niite vile alivyokuwa akiniita," akasema. "Wewe tu ndiye unayekumbuka sauti yake."

Niliogopa kuliko ile Ijumaa. Nikaita, kwa sauti ya kitoto niliyodhani nimeisahau, "Amma! Amma!"

Hakugeuka. Alikuwa ameshika ukingo wa jiko kwa mikono miwili.

"Nipo hapa," akajibu. "Sijaenda popote."