Majina Kwenye Vifuniko

Nichekeni tu, lakini bado nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Hapa Mazingara nilijifanya bingwa wa kutunza mafuta ya trekta. Nilikuwa na madumu mawili yanayofanana. Moja lilikuwa na oili mpya, jingine oili chafu iliyotolewa kwenye injini, niliyomwahidi jirani yangu Mama Zaina apake mbao za banda la mbuzi, mchwa wasizile. Nikaandika kwenye vifuniko: MPYA, CHAFU. Kisha nikayafungua yote mawili ili dereva wangu, Shabani, anuse tofauti, nikayafunga huku bado namhutubia.

Juzi mvua zimeanza, shamba halijalimwa, Shabani akamimina ile "mpya" kwenye injini. Ikatoka nyeusi kama lami! Nikampigia muuza duka wa Korogwe aliyeniuzia, nikamwita tapeli, nikamwambia aje aone takataka zake. Akaja na pikipiki, matope mpaka magotini. Nikawa namfokea mbele ya watu, mara Mama Zaina akatokea na lile dumu la CHAFU nililompa, likiwa tupu.

"Baba Asha, niongezee, banda limefika nusu. Sijawahi kuona oili chafu safi namna hii, ina rangi ya asali!"

Muuza duka akalipokea lile dumu. Akafungua kifuniko cha CHAFU, akakifunga kwenye dumu alilolishika Shabani. Kikakaa sawasawa. Kisha akanigeukia.

"Endelea, mzee. Ulikuwa umefika kwenye utapeli wangu."