Chuchu Mbili za Hajji

Ng'ombe tunayemfuga hapa Bwera si wetu. Ni wa Hajji, jirani mwenye bucha karibu na mpaka wa Kongo. Mapatano yake na mama ni mafupi: maziwa ni ya mama, ndama ni wa Hajji. Mama huuza maziwa kwenye vibanda vya chai na karo yangu hutoka humo, kwa hiyo naweza kusema ninasomeshwa na kiwele.

Shida ilianza na ndama aliyetangulia, dume wa mbegu ya maziwa matupu. Nyonga zake ungeweza kutundikia koti. Wateja kutoka Kongo walimuuliza Hajji kama siku hizi anachinja baiskeli. Akaja kwetu amenuna.

"Nyabo," akamwambia mama, "hii ingine ikitoka mifupa tena, nachukua ng'ombe yenyewe."

Hajji sasa alitaka mbegu ya nyama. Mama akashikilia ya maziwa, maana ndama jike Hajji hamchinji, hubaki zizini kwetu akikua akamuliwe. Daktari wa mifugo akaja kutoka Kasese na mbegu ya fahali wa kazi mbili: jike atoe maziwa, dume ajae nyama. Akavaa glavu ya kufika begani, nami nikafurahi kwamba ninasomea hesabu.

Alizaliwa dume, mabega mapana. Lakini daktari alikuwa ameonya kwamba mbegu peke yake haitoshi, ndama lazima anyonye. Mama na Hajji wakaanza kubishana juu ya kila kikombe, mpaka nikasema kwa utani wagawane chuchu, mbili mbili. Nilingoja wacheke. Hajji akasema, "Sawa, za kulia ni zangu."

Ndama hakuambiwa. Alinyonya popote, ikabidi kila asubuhi nipake chuchu za upande wa mama mavi ya ng'ombe ili azikatae, kisha nizioshe kabla ya kukamua, kisha niende shule nikinuka vile vile. Bado aliiba. Mapaja yakajaa kama mifuko ya simenti ya Hima.

Idd ya mwaka uliofuata akachinjwa. Hajji alituletea mbavu mwenyewe.

"Hii ni ya maziwa ile iliibwa," akasema.

Mama hakuzipokea kwanza. "Na ng'ombe?"

"Inabaki. Ambia daktari alete mbegu ile ile."

Ndipo mama akachukua nyama. Nilikula mbavu tatu, bila huzuni yoyote.