Vidole vya Dorika na Redio ya Mama Yake

Saa nne asubuhi, Dorika Gervas anatua ndoo ya maji uani kwake Makote, anainama juu ya simu iliyolazwa kwenye kigoda na kuigusa kwa ncha ya pua. Kioo hakishtuki. Anafuta jasho, anainama tena, anagusa. Safari hii kioo kinawaka, kiduara kinazunguka weee, kisha sauti ya mwanamume inatoka ikisalimia kwa Kimakonde.

"Watu wakinikuta hapa wanadhani naibusu simu," anasema. "Siibusu. Naifungua."

Kando yake, kwenye kiti cha kamba kilichotolewa hadi pale mtandao unapokamata, mama yake, Bibi Magdalena, amegeuza sikio. Macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mtangazaji anawauliza wasikilizaji wameamkaje. Halafu mtandao unakata. Kimya.

Bibi Magdalena anakohoa, anavuta khanga mabegani na kumjibu. Anamwambia ameamka salama ila goti linamsumbua. Mvua bado. Mjukuu yuko shule. Anamaliza na kutulia. Mtandao unarudi, mtangazaji anasema haya basi, tuendelee, na bibi anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikilizwa vizuri.

"Ndiyo maana sitaki mtandao mzuri sana," anasema Dorika. "Siku ukiwa mzuri, yule kijana anaongea bila kupumua. Mama anakasirika. Anasema leo hana adabu, ameuliza hali na hangoji jibu."

Dorika ana miaka arobaini na minane. Ni mjane, na kazi yake ni kubangua korosho. Wilayani Newala kazi hiyo haihitaji maelezo, lakini kwa asiyeijua ni hivi: korosho inakaangwa kwenye bati juu ya moto mkali, inafuka moshi unaowasha macho, kisha inawekwa juu ya jiwe na kugongwa kwa kipande cha chuma mpaka ganda lipasuke na kiini kitoke kizima. Katika ganda hilo kuna mafuta meusi. Mafuta hayo yakikaa kwenye ngozi yanaiunguza na kuibandua. Wabanguaji hupaka majivu viganjani ili kuyazuia. Yanazuia kidogo.

Amefanya kazi hiyo tangu alipoolewa. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na laini kwa wakati mmoja, kama mpini wa kisu ulioshikwa miaka mingi. Hazina mistari. Kioo cha simu hakizitambui, ndiyo sababu ya pua.

Asubuhi hii bati lake limeegemezwa ukutani, kavu. Ni Novemba, msimu umekolea, kila ua wa jirani unafuka moshi na milio ya chuma juu ya jiwe inasikika kote. Yeye anachota maji na kuwapelekea wabanguaji wenzake kwa malipo ya ndoo. Malipo hayo hayafiki hata nusu ya alichokuwa anapata akikaa kwenye jiwe lake. Ameacha kazi yake makusudi, msimu wenyewe huu, ili vidole viote upya.

Kisa chake kinaanza na mama yake.

Bibi Magdalena alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda. Alivuka mto akiwa binti, wakati wa vita ya kumwondoa Mreno, akaolewa Makote na mzee Gervas, baba yake Dorika. Wamakonde wa kule na wa huku wanaelewana kwa mengi, si yote, na wa kule wanasema "shi" pale wa huku wanaposema "chi". Lugha hiyo hiyo, wa kule wanaiita Shimakonde. Kisimani, wanawake wenzake walimcheka.

"Akifika na ndoo yake walimfanyia shi, shi, kama wanafukuza kuku," anasimulia Dorika. "Walimwita Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo. Mama akaamua kufunga hilo domo. Akasema 'chi' kama wao. Sisi wanawe hatukuwahi kusikia 'shi' nyumbani. Hata akikanyaga mwiba, alilia Kinewala."

Alikaa hivyo zaidi ya miaka hamsini. Kisha uzee ukaanza kumnyang'anya alivyovipata baadaye. Kwanza kilimtoka Kiswahili. Halafu lahaja ya Newala. Siku moja alimwomba Dorika maji, na Dorika hakulielewa neno alilotumia. Bibi alikuwa amerudi kwenye lugha yake ya usichana, peke yake humo ndani, hana wa kuzungumza naye. Akanyamaza. Akaanza kukataa chakula.

"Nilijua anakwenda," anasema Dorika. "Mtu akiacha kula na kusema, unangoja nini tena?"

Josephina, binti pekee wa Dorika, anasoma sekondari ya bweni huko Masasi. Likizo ya Juni alikuja nyumbani, akachukua simu ya mama yake na kutafutatafuta. Akakutana na redio ndogo ya mtandaoni. Haina mnara wala mitambo mikubwa. Vijana wachache wa Kimakonde wanaitangaza kutoka chumba kimoja mjini Nampula, Msumbiji. Wanapiga ngoma za kwao, wanasoma salamu na kueleza bei ya mihogo.

Josephina akaiweka simu karibu na sikio la bibi yake. Ajuza akashika ukingo wa kitanda.

"Alisema, huyu mtu wa kwetu," Dorika anakumbuka. "Halafu akauliza, mbona hamjampa kiti?"

Siku hiyo alikula. Tangu hapo, akisikiliza asubuhi, hubaki mchangamfu mpaka jioni. Hata humtambua Dorika na kumwita kwa jina. Siku bando likiisha, anarudi kimya, na sahani inarudi ilivyokwenda. Kwa hiyo bando haliruhusiwi kuisha. Dorika hukosa sabuni, bando lipo.

Tatizo ni kwamba laini si yake.

Alipoinunua, mashine ya usajili haikuona alama yoyote kwenye vidole vyake. Jirani yake Shakila, Myao wa Masasi anayeuza vitumbua barabarani, alikuwa naye. Akatoa kidole chake, akasajili, wakarudi nyumbani wakicheka. Mambo yakaenda hivyo bila neno, hadi Shakila alipopata mchumba kutoka Lupaso. Harusi ni mwisho wa mwezi huu. Mchumba, mtu makini, aliangalia namba zilizosajiliwa kwa jina la mkewe mtarajiwa, akakuta kuna moja asiyoijua.

Shakila mwenyewe anaeleza, ameketi uani kwa Dorika na beseni lake la vitumbua lililobaki robo.

"Nimemwambia hiyo ni ya Mama Josephina. Anasema, aa, kumbe Mama Josephina ndilo jina ulilompa huyo mwanaume."

"Si umlete hapa anione," anasema Dorika.

"Nimlete akuone unabusu simu? Ndiyo atasema anaoa jirani wa mwehu."

Wanacheka wote wawili, kisha Shakila anakuwa mzito. "Mama Josephina, si kwamba sikuamini. Lakini mwanaume ameshasema, siku ya ndoa laini iwe imefungwa. Na miye nimekaa miaka minane bila mume. Nikigombana naye kwa ajili ya laini, nyie watani zangu Wamakonde mtanicheka mpaka kaburini."

"Tutakucheka hata usipogombana."

"Najua."

Dorika amejaribu kwa wengine. Mmoja alisema kuna watu wameitwa polisi kwa sababu laini zilizobeba majina yao zilitumika kutapeli. Mwingine alisema atafikiri, na hajaonekana tangu afikiri. Josephina ana miaka kumi na sita, hana kitambulisho. Ilibaki Dorika na mikono yake.

Kitambulisho cha taifa anacho. Alikiandikisha masika, wakati korosho zimekwisha na mikono imetulia, na siku hiyo mashine ilisoma vidole vyote kumi. Maana yake mistari ipo. Hujificha msimu wa korosho na kurudi masika. Shida ni kwamba masika iko mbali na harusi iko hapa.

Oktoba alifunga safari hadi Newala mjini, kwa wakala anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko, kijana aitwaye Mudathiri. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo bado linamfanya ashike kichwa. Hakutaka kwenda kwenye mambo ya serikali na mikono michafu. Asubuhi ile aliiosha kwa mafuta ya taa ili kutoa weusi wa korosho, kisha akaisugua kwa mchanga mbichi mpaka ikang'aa.

"Shikamoo mama, weka kidole," Mudathiri alimwambia.

"Marahaba." Akaweka. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Vyote kumi.

Mudathiri akakigeuza kiganja chake juani. "Mama, umefanya nini hapa? Mikono imelainika kama sahani."

"Nimenawa."

"Umenawa na nini, msasa?"

"Mchanga."

"Sasa mama, hata kile kidogo ulichokuwa nacho umekwenda kukisugua." Akamrudishia mkono wake taratibu. "Hivi ndivyo vidole vya mwizi. Huachi alama popote."

"Mwizi gani ananuka moshi hivi?" Dorika alimjibu. "Angekamatwa kabla hajaingia."

Kijana akacheka, lakini mashine haikucheka. Akamshauri aipumzishe mikono, asishike korosho kabisa, apake mafuta ya nazi, ajaribu tena kabla ya mwisho wa Novemba. Hakumwahidi kitu.

Kuacha kubangua Oktoba hadi Novemba, kwa mbanguaji, ni kama mkulima kukaa ndani mvua ya kwanza inaponyesha. Ada na nauli ya Josephina hutoka kwenye bati lile. Wenzake walimshangaa waziwazi. Naima, ambaye wamebangua pamoja miaka yote, alimwambia bila kuzunguka kwamba ameacha chakula cha mtoto kwa ajili ya ngoma za mzee.

Dorika anamjibu sasa, Naima hayupo, huku anamimina maji kwenye mtungi.

"Josephina ana miaka mbele yake. Nikikosa ada muhula mmoja, nitamwomba mwalimu anivumilie, nitakopa, nitabangua Januari usiku na mchana. Mama yangu nitamwomba nani anivumilie? Alifunga mdomo miaka hamsini ili sisi tusichekwe kisimani. Sasa ameufungua. Niufunge tena mimi kwa sababu ya laini?"

Anafunika mtungi. "Ila Naima hakukosea. Njaa ipo. Siwezi kusema haipo."

Kwa hiyo anachota maji. Ndoo anaishika kwa kiganja, siyo kwa ncha za vidole. Sufuria ya moto anaishika kwa kitambaa. Ugali anakula kwa kijiko, jambo linalowafurahisha watoto wa jirani, wanaomwita mzungu. Kila jioni anapaka mafuta ya nazi na kukaa na mikono imelegea mapajani, kitu ambacho anasema ndicho kigumu kuliko vyote.

Kisha kuna mambo ya jioni na mama yake. Hakuna aliyeyapanga. Zamani Bibi Magdalena alisuka mikeka, na macho yalipozimika aliendelea kusuka kwa kupapasa ukindu mpaka nguvu zilipokwisha. Jioni moja alimshika Dorika mkono, akapapasa ncha za vidole moja baada ya nyingine, akauliza kwa nini zimekuwa hivi. Dorika akamweleza habari ya redio na mashine. Hajui mama yake alielewa kiasi gani. Lakini jioni iliyofuata ajuza aliunyosha mkono wake mwenyewe, akingoja apewe vidole.

Tangu hapo anakagua kila siku. Anapitisha kidole gumba chake juu ya kila ncha, anasema neno moja la Shimakonde ambalo Dorika amelizoea. Maana yake ni bado.

Bado. Bado. Bado.

Leo jua limeegemea upande wa Masasi na moshi wa majirani umeanza kupungua. Redio imefungwa ili kutunza bando. Shakila amepita kuaga. Kesho anakwenda Lupaso kuonyeshwa nyumba. Dorika anavuta kigoda, anakaa miguuni pa mama yake na kumpa mikono.

Ajuza anaanza na mkono wa kulia, kama kawaida yake. Bado, bado, bado, bado, bado. Anahamia kushoto. Gumba, bado. Anakwenda hivyo mpaka mwisho. Kwenye kidole kidogo anasimama. Anarudi nyuma na kukipitia tena, polepole, kwa kucha. Anakisogeza shavuni mwake, anakipitisha hapo.

Anasema kitu kirefu kidogo. Dorika anacheka huku akimtazama usoni, kisha anatafsiri.

"Anasema hiki kina njia. Anasema hiki kimerudi."

Kidole kidogo cha kushoto ndicho kinachogusa korosho mara chache kuliko vyote. Hukaa pembeni tu wakati vingine vinaungua. Dorika anakiinua juani na kukitazama. Huenda ni mistari. Huenda ni mikunjo tu ya ngozi mpya. Macho yake yeye hayajui tofauti.

Anachana kipande cha khanga kuukuu, anakizungushia kidole hicho na kufunga fundo kwa meno. Jumatatu atakwenda Newala kwa Mudathiri. Safari hii hatanawa mikono. Laini ikikubali jina lake, kitu cha kwanza atakachofanya ni kumrekodi mama yake akisalimia, na kuituma sauti hiyo Nampula kwa wale vijana, ili siku moja mtangazaji akiuliza wameamkaje, asikie mwenyewe kwamba kuna mtu Makote amekuwa akimjibu muda wote huu.

"Na mashine ikikataa?" anaulizwa.

Dorika anautazama mfuko wa korosho ulioegemea ukuta karibu na bati, kisha kidole kilichofungwa.

"Ikikataa, nitarudi hapa nimpe mama vidole tena," anasema. "Atakagua kesho."